Asubuhi, na Chai

4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana ukiisoma umesimama utaikunja kabla hujafika ukurasa wa pili. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi nililolificha nyuma ya kabati kwa miaka mitatu. Hapa kwenye kiwanda cha chapa tuna vitabu vya hesabu vya shule, nami nasahihisha kurasa themanini kwa siku. Jana nilikuta ukurasa unaosema pembetatu ina pembe nne. Nimeipunguzia moja.

Haya, sasa lililonifanya nishike kalamu. Wifi alinipigia Jumapili kuulizia kitambaa cha pazia, na katikati ya pazia akapitisha kwamba kliniki wamekukuta na sukari na wamekupa vidonge, tangu Januari. Kaka, mimi na wewe tumeongea kwenye simu mara nne tangu Januari. Mara ya mwisho ulinisimulia habari za paka wa jirani kwa robo saa.

Kwenye simu najua utanishinda. Utacheka, utasema uko ngangari, halafu ghafla kutatokea mteja wa vioo mlangoni. Ndiyo maana naandika, kwani mteja hawezi kuingia katikati ya barua. Nijibu kwa mkono wako mwenyewe. Niambie unameza nini, lini, na unajisikiaje.

Mji mzima unakuita Fundi, lakini mimi bado ni yule uliyempa jina la Nukta kwa kuwa nilikuwa mfupi na nilizaliwa wa mwisho. Kumbuka kwamba nukta ndiyo inayofunga sentensi.

Mdogo wako,
Nukta

19 Februari

Mdogo wangu Nukta,

Marahaba. Tumeipokea barua yako na tunashukuru kwamba wote mko salama. Mpe shemeji pole kwa kuanza kuona. Sisi hatujambo. Wifi yako bado anatoka alfajiri kwenda kuoka mikate, ananiachia wangu mezani umefunikwa kwa sahani, na akirudi mchana anakuta sahani tupu, anaridhika.

Ni kweli wamenikuta na sukari. Wifi yako amelalamika miaka ishirini na sita kwamba mimi ni mchungu, sasa daktari ameandika na kugonga mhuri kwamba nimezidi utamu. Nilimwonyesha cheti. Hakucheka.

Vidonge ni vya aina mbili. Kimoja kikubwa cheupe, huyo nimemwita Bwana Mkubwa, na kingine kidogo kama punje ya dengu, huyo ni Bwana Mdogo. Mkubwa anapita kooni kama mtu anayehama na vitanda vyake. Mdogo hana neno, hata simsikii. Asubuhi nawameza wote wawili, na Mkubwa tena jioni, vilevile kama ilivyoandikwa kwenye bahasha. Hata wewe ungenipa alama zote. Na sukari nimeiacha kabisa, pamoja na ndugu zake wote.

Dukani kazi zipo. Wiki hii nimevunja kivoo viwili mkononi. Vioo vya siku hizi ni vyepesi, havina adabu. Halafu kuna joto, ikifika saa nne asubuhi shti limeshaganda mgongoni. Fundi viatu wa mlango wa pili anakusalimu. Amenenepa siku hizi, nadhani viatu vinalipa.

Najua unataka kuniletea habari za Baba. Usiniletee.

Kaka yako,
Fundi

6 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila paa la jikoni limeanza kuvuja na shemeji yako analitazama kila siku kwa miwani yake mipya bila kupanda. Vitabu vya hesabu vimekwisha, sasa nina kitabu cha ufugaji wa nyuki, na nimejifunza kwamba hata nyuki wana mlinzi wa mlango.

Ndani ya bahasha hii utakuta barua yako mwenyewe. Nimeirudisha ikiwa na kalamu nyekundu, na usinune, ndiyo kazi yangu. Tazama vizuri. Aya ya kwanza mistari imenyooka. Kufika kwa Bwana Mdogo mistari inaanza kushuka kulia. Kwenye vioo umeandika "kivoo", na neno "shati" umeliandika ukasahau herufi. Kwenye jina lako kalamu imekwaruza karatasi mpaka imetoboa. Tangu utoto mwandiko wako ni wa kuonyesha wageni, Kaka. Mwalimu alikuwa anakuita ubaoni uandike tarehe.

Barua hii uliiandika saa ngapi? Ulikuwa umekula?

Tena, miaka thelathini hujawahi kuvunja kioo mkononi. Kioo pekee ninachokijua ni kile cha dirisha la shule, na kile kilivunjwa na mpira, ingawa mpira ulikuwa wako. Sasa viwili kwa wiki moja, halafu unasema vioo havina adabu.

Naomba kitu kimoja tu. Chukua hiyo bahasha ya dawa, uninakilie maandishi yake neno kwa neno, na mkato kwa mkato. Usinieleze inamaanisha nini, wewe nakili tu.

Nimekutii, sikumtaja Baba.

Nukta

20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kukaa kimya. Kulikuwa na kazi ya madirisha ya ofisi moja, halafu mvua, halafu hili na lile. Wifi yako ni mzima. Amepandishwa cheo, sasa anasimamia tanuri kubwa.

Tazama mwandiko huu kabla ya jambo lolote. Umenyooka, sivyo? Mikono imetulia, jasho limekwisha, na tangu katikati ya Machi sijavunja hata kipande. Kwa hiyo weka chini kalamu yako nyekundu.

Uliomba maandishi ya bahasha. Nimeitoa kwenye kopo la misumari na inasema hivi: "Kikubwa: 1 asubuhi, 1 jioni, baada ya chakula. Kidogo: 1 asubuhi, na chai." Hiyo ni bahasha ya mwisho niliyopewa, yenye mhuri wa tarehe 4 Machi. Vidogo walinipa thelathini na vimebaki kumi na tisa, kama unataka kujua hata idadi ya nywele zangu.

Nina kiu tu siku hizi, nakunywa maji kama mche uliohamishwa. Nasikia maji ni mazuri kwa afya. Macho nayo yana ukungu kidogo, ni vumbi la vioo.

Kaka yako,
Fundi

28 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sote hatujambo, na leo salamu zinaishia hapo.

Kopo la misumari nalijua. Ni lile la bluu lililobonyea ubavuni, la Baba. Tulilifungua mimi na wewe wiki moja baada ya kumzika, ukitafuta misumari ya kugongea fremu, tukakuta vidonge vyake vya sukari vya miezi saba vimefungwa kwenye leso. Tulikuwa tumemwongoza kwa mkono mwaka mzima kwenda chooni na kurudi, tukisema ni uzee umempofusha. Uliniomba nisikuletee habari za Baba. Sikuzileta mimi, umezitoa wewe kwenye kopo.

Ulipewa thelathini tarehe 4 Machi, na vimebaki kumi na tisa. Hiyo hesabu haihitaji kitabu cha shule. Uliacha dawa siku ya kumi na moja, mikono ikatulia, ukadhani umepona. Sasa una kiu na macho yana ukungu, nawe unalisingizia vumbi.

Lakini kuna jambo la pili, na hili nusura linipite. "Asubuhi, na chai." Nimesahihisha maneno miaka kumi na tisa na mstari huo ningeupitisha bila kuugusa. Nikaubeba hadi duka la dawa lililo karibu na kiwanda, kuna mfamasia pale, mwanamke mmoja mpole asiye na haraka. Nilimweleza mikono, jasho na mistari inayoshuka. Akausoma mstari, akaniuliza swali moja.

"Na hiyo chai, anainywa na nini?"

Kwetu sote mtu akisema amekunywa chai, amekula. Ni mkate, ni yai, ni kiporo cha jana, chochote kilicho mezani. Hakuna anayeuliza. Hapo nikakumbuka kwamba umeacha sukari pamoja na ndugu zake wote. Nikakumbuka sahani tupu. Kaka, mke wako ni mwoka mikate, na anayenenepa ni fundi viatu.

Wewe unakunywa chai kavu. Umesoma chai, ukanywa chai.

Mfamasia alinieleza taratibu, nami nakuandikia kama alivyosema. Huyo Bwana Mdogo usiyemsikia ndiye anayeishusha sukari kwa nguvu. Akikuta tumbo tupu anaendelea kushusha tu, mpaka mtu anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa, na anaweza kuanguka akazimia. Anamezwa chakula kikiwa mezani. Ukitokea mtetemeko huo, mtu anywe haraka maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari, au juisi, asubiri robo saa, na kama haujatulia arudie, kisha ale chakula. Siku hiyo sukari si adui. Kosa halikuwa la dawa peke yake wala lako peke yako, ila kuacha kimyakimya ndiko kunakopeleka watu kwenye kopo.

Usianze tena kumeza kwa sababu ya barua yangu. Mimi nasahihisha vitabu, sisahihishi watu. Nenda kliniki wiki hii, uende na wifi, mbebe bahasha zote na vidonge vilivyobaki, na uwaambie yote, hata lile la mkate. Hilo ndilo litakalokuwa gumu, nakujua. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeshaumbuliwa mara moja.

Naogopa, Kaka. Nimeandika sentensi hiyo nikaifuta mara mbili, sasa naiacha. Sina mwingine anayeniita Nukta.

Mdogo wako

15 Mei

Nukta,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa. Sikuikunja.

Nianze na nilichokuficha. Tarehe 14 Machi, kama saa nne asubuhi, nilikuwa nimebeba kioo cha mlango wa duka la nguo, kirefu kunizidi. Mikono ikaanza. Nikaona mlango umekuwa miwili nikachagua ule usiokuwepo. Kioo kiliniponyoka kikaangukia upande wa pili, na kama kingeangukia upande wangu barua hii angekuandikia wifi yako. Nilibaki na mkato wa kiganja, nyuzi nne. Fundi viatu alinikuta nimekaa chini namwita kwa jina la Baba. Alikuwa na soda yake mkononi, akaninywesha kwa nguvu. Baada ya muda dunia ikarudi mahali pake. Yeye alidhani ni njaa, nikamwambia hapana. Na kumbe alikuwa sahihi, naye ndiye aliyekuwa na mkate wangu tumboni.

Ndiyo, nilikuwa nampa. Kila asubuhi, umefungwa kwenye gazeti. Niliona mkate ni sukari iliyojificha, nikasema siuli, lakini wifi yako anauoka kwa mikono yake, ningemwambia nini? Na chai nilikunywa, ya rangi, tupu, kikombe kizima, nikijisifu kwa utiifu. Tena kuna siku nilisahau dawa, kesho yake nikameza viwili vya Mdogo kufidia. Hilo hata kwenye barua yako hukulikisia.

Baada ya kioo nikasema dawa hii inaniua. Nikaiweka kwenye kopo. Naapa sikukumbuka leso. Au nilikumbuka, mkono ukafanya haraka ili nisikumbuke zaidi.

Tulikwenda kliniki Jumatatu. Nilimwambia daktari yote, na wifi yako ameketi pale, na nilipofika kwenye mkate nilitazama sakafu. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu. Tulipofika mlangoni akaniambia, "Miezi minne nimeamka kumlisha fundi viatu." Kisha akacheka mpaka akaegemea ukuta, na mimi nikacheka, na ndipo nikajua nimesamehewa.

Daktari amenipima damu na figo, akatazama macho kwa taa yake. Anasema ukungu huo ni sukari iliyopanda, utashuka nayo, na nyuma ya jicho bado ni salama. Nilimwomba arudie neno "salama". Akarudia. Kwa Bwana Mdogo ameniandikia nusu kidonge, na chakula kikiwa mezani. Siku nisiyoweza kula, nisimmeze, na nikiugua au kutapika, niwaone kwanza wao, nisijiamulie. Nikisahau dozi, iliyopita imepita, nisimeze mbili. Mkubwa anaendelea palepale baada ya chakula. Mkate sikukatazwa, nimepimiwa vipande viwili, na yai. Mfukoni nina pipi tatu za dharura. Fundi viatu ameonyeshwa zilipo, na ameapishwa kutozila.

Halafu yule kijana wa dirisha la dawa aliisoma bahasha yangu kwa sauti, akachukua kalamu akakata "na chai" akaandika "pamoja na chakula". Akasema ameandika "na chai" kwenye bahasha za watu wote tangu aanze kazi. Ameahidi kuwauliza mmoja mmoja.

Sasa zamu yako. Baba alikuwa wa kwetu sote wawili. Wewe umepima lini?

Kaka yako,
Fundi

9 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Paa limezibwa. Shemeji yako alipanda, akaona kila kitu vizuri kwa miwani, isipokuwa ngazi wakati wa kushuka. Ana nundu, lakini ni mzima.

Barua yako niliisomea kazini, nikalia juu ya kitabu cha nyuki, ikabidi nichapishe ukurasa ule upya. Neno "salama" nimelipigia mstari mwekundu, na huo ni mstari wa furaha. Mwambie wifi nimempigia saluti, na fundi viatu umwambie soda yake nitailipa kwa kreti nzima nikija.

Swali lako nililipita siku kumi. Sikuwahi kupima. Nilikuwa nakusukuma wewe mlangoni na mimi mwenyewe nimesimama nje. Nilisema ni kazi, ni kurasa themanini, kumbe niliogopa kopo lilelile. Jumatano nilikwenda bila kula, kama walivyoagiza. Mwuguzi alinichoma kidole akasoma namba, nikaomba niisome mwenyewe, tabia haifi. Ni ya kawaida. Ameniambia kwa kuwa Baba alikuwa nayo na wewe unayo, nipime kila mwaka na nipunguze kukaa. Nilitoka pale miguu myepesi, nikapita mkahawa wa kona nikaagiza chai. Mhudumu akauliza, "Na nini?" Nikacheka peke yangu, akanitazama kama nimerukwa na akili.

Sasa niandikie asubuhi. Si jioni. Nataka asubuhi, saa nne.

Nukta

27 Juni

Mdogo wangu Nukta,

Marahaba. Namba yako imepokelewa kwa vigelegele. Wifi yako aliisikia akakata kipande cha mkate wake mwenyewe akanipa, nikamwambia nimeshapimiwa, akala yeye.

Umeomba asubuhi, hii ni asubuhi. Ni saa nne kamili, niko dukani, karatasi iko juu ya meza ya kukatia vioo. Ilipofika saa moja na nusu nilikaa mezani. Vipande viwili, yai, na chai. Nusu ya Bwana Mdogo, kisha Bwana Mkubwa na vitanda vyake. Fundi viatu amepungua, anasema maisha yamekuwa magumu.

Kliniki wamepima tena wiki iliyopita. Sukari imeshuka hadi inapotakiwa, wala haijashuka kupita kiasi. Ukungu umeondoka. Jana nilikata kioo cha duara cha saa ya ukutani, sentimita thelathini, kwa mkono, mzunguko mmoja bila kunyanyua almasi ya kukatia. Kazi hiyo Baba alinifundisha kabla hajaanza kupapasa. Nilipomaliza nilikaa nikamlilia kidogo, kwa mara ya kwanza bila kumkasirikia. Natamani angekuwa na mtu wa kumrudishia barua.

Kopo nimelitia misumari mpaka juu. Hakuna nafasi ya kitu kingine.

Haya, chukua kalamu yako. Tafuta mstari ulioshuka.

Kaka yako,
Fundi

8 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku sote hatujambo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, kalamu nyekundu mkononi. Sikupata pa kuiweka.

Nukta